Kabla Paka Hajazaa: Maandalizi ya Uzazi wa Paka Nyumbani, kwa Mfano wa Ikonge

Utangulizi

Katika maboma yanayolizunguka soko la Ikonge, Kaunti ya Nyamira, ni nadra kukosa paka. Ng'ombe ana zizi lake na kuku wana kibanda chao, lakini paka hana makao yaliyotengwa kwa ajili yake. Hulala mekoni moto unapofifia, juu ya magunia ya mahindi, au mlangoni akingoja kufunguliwa. Wagusii humwita ekemoni. Kazi yake haihitaji kuelezwa: ni mlinzi wa mahindi, wimbi na maharagwe dhidi ya panya. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba paka akiondoka panya hutawala.

Hata hivyo, mlinzi huyu apatapo mimba husahauliwa. Ng'ombe akikaribia kuzaa, boma zima hujua. Nyasi hukatwa, maji hutekwa, na afisa wa mifugo huarifiwa mapema. Paka huzaa pasipo mtu kujua, na mara nyingi habari ya kwanza ni sauti nyembamba itokayo ndani ya gunia au chini ya kitanda cha watoto. Yanayofuata aghalabu si mema. Vitoto hutiwa kwenye mfuko na kutupwa kando ya barabara au ndani ya mashamba ya majani chai, naye mama akabaki akizunguka nyumba na kulia usiku kucha, matiti yamemvimba kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

Makala haya yananuia kueleza maandalizi yanayostahili kufanywa pindi paka anapokaribia kuzaa nyumbani. Yanazingatia boma la kawaida la Ikonge, ambako hakuna vifaa vya gharama, daktari wa mifugo hayuko mlango wa pili, na baridi ya usiku katika nyanda za juu za Gusii si jambo la mzaha. Aidha, makala yanajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kulieleza jambo hili kwa ukamilifu, iwapo wanaokitumia watajishughulisha kuutafuta.

Paka, ghala na lugha

Uhusiano wa paka na binadamu ulianzia ghalani. Nasaba ya paka wa nyumbani inatokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye jamii zake zinaenea hadi Mashariki ya Karibu. Binadamu alipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, panya waliifuata nafaka na paka akawafuata panya. Mnamo 2004, watafiti walitangaza ugunduzi wa kaburi la kale katika kisiwa cha Saiprasi, lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Kwa hiyo, mkataba uliopo baina ya mwenye ghala wa Ikonge na paka wake ni wa kale mno. Paka hulinda chakula cha mtu, na mtu humpa paka hifadhi.

Kenya yenyewe ina kisa mashuhuri cha uzazi wa paka. Mnamo 1978, katika shamba la minazi karibu na Watamu, Jeni Slater alikuta vitoto vya paka wenye mabaka yanayofanana na gome la mti. Wagiriama walikuwa wakimfahamu paka huyo tangu hapo na kumwita kadzonzo. Vizazi vya paka hao vilipelekwa Denmaki, na kufikia 1993 paka wa Sokoke alikuwa amekwisha kutambuliwa rasmi huko Ulaya kuwa mbegu ya pekee. Laiti vitoto vile vingetupwa, kama vitupwavyo vingi, mbegu hiyo isingepata jina ulimwenguni.

Kwa upande wa lugha, mwanafunzi wa Kiswahili atagundua mambo kadhaa. Mtoto wa ng'ombe ni ndama, wa kuku ni kifaranga, wa kondoo ni mwanakondoo. Mtoto wa paka hutajwa zaidi kwa maelezo: mtoto wa paka, kitoto cha paka, au kipaka. Makala haya yametumia kitoto kwa sababu neno hilo linaeleweka kote. Vilevile, kuna istilahi za ukunga zilizokwisha kukomaa katika Kiswahili: uchungu ni maumivu ya kuzaa, chupa ni ngozi laini inayokizingira kitoto tumboni pamoja na maji yake, zalio, au kondo la nyuma, ni kile kitokacho baada ya kitoto, na dang'a ni maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano. Neno dang'a hutajwa zaidi kuhusiana na ng'ombe, ilhali paka naye anayo, na uhai wa vitoto vyake huyategemea.

Kuitambua mimba

Paka hutofautiana na wanyama wengi wa boma. Yai lake halishuki kwa tarehe maalumu, bali hushuka kwa kuchochewa na tendo la kupandwa. Isitoshe, jike huweza kupandwa na madume kadhaa katika muda mfupi, hivyo vitoto vya uzao mmoja vikawa na baba tofauti. Hii ni sababu mojawapo inayofanya paka mmoja aweze kuzaa mweusi, wa kijivu na wa rangi ya chungwa kwa pamoja, jambo ambalo watoto wa boma huliona kuwa mwujiza.

Jambo jingine linahusu majira. Katika nchi zenye kipupwe kirefu, paka huzaa zaidi siku zinaporefuka. Ikonge iko karibu sana na ikweta, mahali ambapo mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima. Kwa hiyo paka wa huko anaweza kushika mimba mwezi wowote, na jike mmoja akazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Mimba ya paka huchukua wastani wa siku 63 hadi 67, yaani takriban wiki 9. Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya kwanza huonekana yapata wiki ya tatu, ambapo chuchu huvimba kidogo na kugeuka rangi kuwa ya waridi. Hamu ya chakula huweza kupungua kwa siku chache, kisha ikarudi kwa nguvu. Kuanzia wiki ya tano tumbo huanza kujitokeza ubavuni, na katika wiki mbili za mwisho vitoto huonekana vikicheza paka anapolala. Tumbo lisibonyezwe kwa vidole kwa ajili ya udadisi, kwa kuwa vitoto huweza kudhurika. Daktari wa mifugo anao ujuzi wa kulipapasa tumbo baada ya wiki 3 au 4, na palipo na mashine za picha huweza hata kukadiria idadi ya vitoto.

La muhimu ni kuhesabu siku. Mwenye boma aliyeona paka wake akiandamwa na madume atie alama kwenye kalenda ya ukutani. Hesabu hiyo, hata ikiwa ya kukisia, itamwambia lini aanze matayarisho na lini awe na wasiwasi.

Lishe na yanayodhuru

Paka mwenye mimba hawezi kuishi kwa ugali na chai ya maziwa. Mwili wake unahitaji nyama, yaani protini na mafuta ya wanyama. Panya anaowakamata humsaidia, lakini kadiri tumbo linavyokuwa kubwa ndivyo wepesi wa kuwinda unavyopungua. Katika soko la Ikonge, chakula kinachopatikana kwa urahisi ni omena kutoka Ziwa Viktoria. Omena wachemshwe bila chumvi wala viungo, wachanganywe na ugali kidogo, na paka apewe mara 3 au 4 kwa siku kwa vipimo vidogo, kwa maana tumbo lililojaa vitoto halina nafasi ya mlo mkubwa. Mayai yaliyopikwa, maini kidogo na vipande vya nyama humfaa pia. Samaki wabichi wasiwe chakula cha kila siku, kwani baadhi yao huharibu vitamini anazozihitaji. Maji safi yawepo daima. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima, hivyo hayachukui nafasi ya maji. Mwenye uwezo wa kununua chakula cha paka cha dukani amchagulie kile cha vitoto, kwa kuwa kina nguvu zaidi, na aendelee nacho hadi vitoto viachishwe ziwa.

Fauka ya hayo, kuna vitu vinne ambavyo huua paka katika maboma bila mtu kukusudia. Cha kwanza ni sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu naye huweza kudhurika, kwa hiyo boma lenye paka lisitumie sumu hiyo. Cha pili ni dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Wapo wanaompaka paka dawa hiyo ili kumwondolea viroboto, ilhali nyingi katika dawa hizo ni sumu kali kwake. Viroboto waondolewe kwa kitana chenye meno ya karibu. Cha tatu ni tembe za binadamu za kutuliza maumivu, hususan paracetamol. Tembe moja tu inaweza kumwua paka. Cha nne ni dawa za kuua viini ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini. Paka hujilamba, na akivilamba viungo vyenye dawa hiyo hudhurika. Mahali pa kuzalia panatosha kuoshwa kwa maji moto na sabuni, kisha kukaushwa juani.

Mahali pa kuzalia

Wiki 2 kabla ya siku inayotarajiwa, paka huanza kutafuta maficho. Huingia kabatini, hukwaruza nguo na kupanda darini. Asipoandaliwa mahali atajichagulia mwenyewe, na uchaguzi wake huenda ukawa ghala lenye unyevu au dari ambamo vitoto vitaanguka.

Maandalizi si ya gharama. Katoni imara ya sabuni au ya mafuta ya kupikia inatosha, mradi paka aweze kujinyoosha na kujigeuza ndani yake. Upana wa sentimita 50 kwa 60 unafaa. Upande mmoja ukatwe mlango, lakini pabaki kizingiti cha sentimita 12 hadi 15 ambacho mama atakiruka na vitoto vitashindwa kukivuka. Juu pafunikwe nusu ili pawe na giza. Chini patandazwe magazeti kwa tabaka kadhaa, na juu yake leso kuukuu zilizofuliwa. Magazeti hunywa majimaji na hutolewa tabaka moja moja kila yanapochafuka. Sweta zenye nyuzi zilizofumuka zisitumike, kwani kucha na shingo za vitoto hunaswa humo.

Katoni iwekwe mahali pakavu, pasipo na upepo wala kelele, mbali na mlango na mbali na mbwa. Isiachwe sakafuni patupu palipo na saruji au udongo wenye baridi. Iinuliwe kwa ubao au gunia lililokunjwa. Chakula, maji na sanduku la mchanga la kujisaidia viwe karibu, ila visiwe ndani. Kisha paka azoeshwe: achukuliwe taratibu, awekwe humo, apewe kitoweo kidogo akiwa humo. Asifungiwe kwa nguvu.

Mambo mawili ya mazingira ya Ikonge yanahitaji uangalifu wa pekee. La kwanza ni siafu. Msafara wa siafu uingiapo nyumbani usiku huweza kuviangamiza vitoto vyote kabla ya mapambazuko. Wenyeji hujikinga kwa kumwaga majivu ya mekoni kuzunguka chumba, na kinga hiyo iwe tayari kabla ya mvua kuanza. Mafuta ya taa yasimwagwe karibu na katoni, kwani hudhuru ngozi na mapafu ya vitoto. La pili ni baridi. Kitoto kichanga hakiwezi kujitia joto chenyewe. Katika wiki ya kwanza kinahitaji mazingira yenye joto la nyuzi 29 hadi 32 hivi, joto ambalo hukipata kwa kulala tumboni mwa mama. Mama akitoka kula, chupa ya plastiki iliyojazwa maji moto na kuviringishwa kwa kitambaa kizito iwekwe upande mmoja wa katoni, ili kitoto kikihisi joto limezidi kiweze kutambaa kando. Jiko la makaa lisifungiwe chumbani na paka. Moshi wake usioonekana huua watu, seuze vitoto.

Siku ya kuzaa

Saa 12 hadi 24 kabla ya uchungu, joto la mwili wa paka hushuka chini ya nyuzi 38. Asiye na kipimajoto atazisoma dalili nyingine: paka hukataa chakula, huzungukazunguka, hulia, hukwaruza matandiko, hujilamba sehemu za siri, na wengine humwandama mwenye nyumba kila aendako. Wengine hukoroma kwa sauti, si kwa raha bali kwa kujituliza. Hii ndiyo hatua ya kwanza, na kwa paka anayezaa mara ya kwanza huweza kuchukua hata saa 24.

Katika hatua ya pili misuli ya tumbo hukazana waziwazi na paka husukuma. Kitoto cha kwanza kwa kawaida hutoka katika muda wa nusu saa tangu kusukuma kwa nguvu kuanze. Kutanguliza kichwa au kutanguliza mkia na miguu ya nyuma ni hali za kawaida zote mbili, wala isidhaniwe kwamba kitoto kilichotanguliza mkia kimekwama. Mama huipasua chupa kwa meno, hukilamba kitoto hadi kilie, na hukata kitovu. Hatua ya tatu ni kutoka kwa zalio. Kila kitoto kina zalio lake, nalo hutoka pamoja nacho au baada yake. Mazalio yahesabiwe, kwa maana lililobaki tumboni huweza kuoza na kumletea mama ugonjwa. Paka huyala, na si ajabu wala si mkosi. Akila mengi ataharisha, hivyo baadhi yanaweza kuondolewa.

Uzao wa kawaida ni vitoto 3 hadi 5. Baina ya kimoja na kingine hupita dakika 10 hadi saa moja. Hata hivyo paka huweza kusitisha uzazi katikati, akapumzika kwa saa nyingi, kisha akaendelea. Paka anayepumzika hutambulika: ametulia, ananyonyesha, anakula, wala hasukumi.

Mkunga wa paka afanye nini?

Jibu la mkato ni kwamba afanye machache. Ichukuliwe kuwa ni usiku, na watoto wote wa boma wamekusanyika na tochi za simu wakitaka kuona. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Paka anayetazamwa na umati huahirisha uzazi au huvibeba vitoto na kuvificha. Abaki mtu mmoja anayeaminiwa na paka, akae kando kimya, awe na saa, karatasi na kalamu ya kuandikia muda wa kila kitoto.

Vifaa vyake viwe hivi: vitambaa safi vilivyokauka, maji ya vuguvugu na sabuni ya kunawia mikono, uzi wa kushonea uliochemshwa, mkasi uliochemshwa, iodini ya kupaka kitovu, mizani ndogo ikipatikana, na namba ya simu ya daktari wa mifugo iliyokwisha kuandikwa ukutani.

Mama asipoipasua chupa katika dakika moja au mbili, mkunga aipasue kwa vidole kuanzia puani, akifute kitoto uso na kinywa, kisha akisugue mgongoni kwa kitambaa hadi kilie. Kichwa kielekezwe chini kidogo ili majimaji yatoke. Kukizungusha kitoto hewani, kama wafanyavyo wengine, huumiza ubongo na hakufai. Ikiwa kitovu hakijakatwa, kifungwe kwa uzi sentimita 2 hadi 3 kutoka tumboni, kikatwe upande wa pili wa fundo, na kipakwe iodini. Kitovu kisivutwe kamwe.

Zipo hali ambazo zinamtaka mkunga aache kungoja. Paka akisukuma kwa nguvu kwa muda wa dakika 20 hadi 30 bila kitoto kutoka. Kitoto kikionekana mlangoni kwa dakika 10 bila kusonga. Damu mbichi ikitiririka bila kukoma. Majimaji ya kijani yakitoka kabla ya kitoto chochote kuzaliwa. Usaha wenye harufu mbaya ukitoka. Mama akilegea kabisa. Au mimba ikipitisha siku 70. Katika hali kama hizi daktari apigiwe simu mara moja. Mwendo wa kutoka Ikonge hadi Nyamira mjini au Kisii unahitaji chombo cha kusafiria, nao wahudumu wa bodaboda hupungua usiku unapokua. Kwa hivyo safari hiyo ipangwe mchana, kabla ya siku yenyewe: nani ataitwa, atalipwa nini, na paka atabebwa ndani ya nini. Dakika zinazopotea katika kutafuta namba ya simu ndizo zinazomwua paka.

Siku za mwanzo

Kitoto kinachozaliwa huwa na uzani wa gramu 90 hadi 110 hivi, nacho ni kipofu na kiziwi. Jambo la kwanza ni dang'a. Kinga ya magonjwa ambayo mama anayo hupita kwa kitoto kupitia maziwa hayo, na mlango wa kuipokea hujifunga kabla ya siku moja kupita. Kila kitoto kionekane kimenyonya. Kila siku kiongezeke gramu 10 hadi 15. Kisichoongezeka kwa siku mbili kimo hatarini, hata kama kinaonekana kizima. Asiye na mizani ndogo anaweza kuazima ya dukani inayopimia sukari, mradi aisafishe kabla ya kuirejesha.

Kitoto kilichokosa mama kwanza kitiwe joto, ndipo kilishwe, kwa kuwa mwili uliopoa hausagi maziwa. Maziwa matupu ya ng'ombe hayatoshi, kwa maana yana protini na mafuta machache kuliko ya paka. Daktari aulizwe kuhusu maziwa mbadala. Kilishwe kila baada ya saa 2 au 3, kikiwa kimelala kifudifudi kama kinaponyonya, wala si chali kama mtoto wa binadamu, kisije kikapaliwa. Baada ya kula kipanguswe chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa kuwa hakiwezi kujisaidia bila kuchochewa.

Imani kwamba paka humkana mtoto aliyeguswa na mtu haina uzito mkubwa. Paka aliyezoea watu huvumilia kitoto chake kuguswa na mikono safi. Kinachomhamisha ni usumbufu wa mara kwa mara. Hata hivyo paka shume azuiwe, maana dume ngeni huweza kuua vitoto. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Yapata wiki ya 4 vitoto huanza kuonja chakula laini, na kulikizwa kwao hukamilika yapata wiki ya 8. Kabla ya hapo visigawiwe kwa majirani.

Mama naye achunguzwe. Titi likiwa gumu, lenye joto na wekundu, au mama akianza kutetemeka na kukakamaa misuli, daktari aitwe bila kukawia. Kutetemeka huko kwa kawaida huashiria upungufu wa madini ya kalisi katika damu, na huua kwa muda mfupi. Aidha, paka huweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Azuiwe kutoka nje, na vitoto vikishaachishwa ziwa, afungwe kizazi na daktari. Hili ndilo suluhisho la heshima kwa tatizo la vitoto vinavyotupwa.

Afya ya wanaadamu

Boma lenye mama mja mzito lina swali la ziada. Kipo kijidudu, toksoplasma, kilichotambuliwa mwaka 1908 huko Tunis na Brazili, ambacho huzaliana ndani ya utumbo wa paka na kuweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa binadamu. Hili si sababu ya kumfukuza paka. Mayai ya kijidudu hicho huhitaji siku moja hadi 5 nje ya mwili ili yaweze kuambukiza. Kwa hiyo mchanga wa paka utolewe kila siku, na kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine. Mja mzito anawe mikono baada ya kulima, aoshe mboga vyema, na ale nyama iliyoiva.

Pia kuna kichaa cha mbwa, ambacho kwa jina lake huwapotosha wengi wakadhani paka hakimpati. Paka huambukizwa na huambukiza. Vitoto vichanjwe vikifika umri wa miezi 3. Aliyeumwa au kukwaruzwa na paka anayeshukiwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hitimisho

Imebainika kwamba maandalizi ya uzazi wa paka hayahitaji mali. Yanahitaji katoni, leso kuukuu, omena, majivu, namba ya simu na mtu mmoja mwenye subira. Imebainika vilevile kwamba hakuna hatua hata moja, tangu kugeuka kwa chuchu hadi kulikizwa kwa vitoto, ambayo Kiswahili kimeshindwa kuitaja. Maneno kama dang'a, zalio na kulikiza yamo kamusini, lakini hayajafika mekoni na zizini kwa sababu wasomi wa lugha huyahifadhi zaidi kwa ajili ya mitihani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaorejea makwao likizoni, Ikonge na kwingineko, wana nafasi ya kuyafikisha huko, kwa kuandika vijitabu na mabango ya maarifa ya mifugo katika lugha ambayo mwenye boma anaielewa.

Ama kuhusu paka mwenyewe, wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Paka aliyelinda ghala mwaka mzima anastahili usiku mmoja wa kulindwa naye.